Mshika mbili: mtoto anarusha, mtoto anapiga



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha likelemba. Nimeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

"Mama, mdogo wangu anaishi Marekani na watoto wake. Walitoka kampi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa ni miaka saba. Mtoto wake wa pili ana miaka 12 na anacheza besiboli. Mwalimu wake wa mchezo anasema mtoto huyu ana kipaji mara mbili: anarusha mpira kwa nguvu kuliko wenzake wote, na akishika gongo anaupiga mbali sana. Sasa wanataka aingie klabu ya kusafiri, acheze mwaka mzima, na klabu inaomba dola 250 kila mwezi. Hizo ndizo franga mdogo wangu alikuwa anatuma huku kulipa minervali ya watoto wangu wawili. Ananiambia tuvumilie, mtoto akifaulu tutasahau shida. Lakini mtoto mwenyewe aliniambia kwa simu kwamba kiwiko kinamuuma, na akaniomba nisimwambie mama yake, asije akatolewa kwenye timu. Nifanye nini? Na tutajuaje kama kipaji hicho ni cha kweli?"

Mama, asante kwa kuandika. Katika barua yako kuna maswali matatu: kipaji, franga na kiwiko. Wewe ulianza na kipaji ukamaliza na kiwiko. Mimi nitakujibu yote, lakini kuhusu kiwiko usingoje hata umalize kusoma. Pigia mdogo wako simu leo. Mtoto wa miaka 12 anayerusha mpira na kuumwa kiwiko anapaswa kuacha kurusha mara moja na kuonwa na munganga. Sababu nitaeleza hapa chini.

Huku kwetu watoto wanacheza kabumbu, na besiboli wengi hatujaiona. Basi tuanze na mchezo wenyewe. Mtu mmoja anasimama katikati ya kiwanja na mpira mdogo mgumu. Huyo ni mrushaji. Mbele yake, kwa wakubwa kama mita 18 na nusu hivi, anasimama mpigaji na gongo la mti. Mrushaji anataka mpira umpite mpigaji, mpigaji anataka kuugonga. Kwa wakubwa mpira unafika kwa muda usiozidi nusu sekunde. Kurusha ni kazi ya bega, kiwiko, kiuno na miguu. Kupiga ni kazi ya macho, mikono na uamuzi. Ni fundi wawili tofauti, kama mshonaji na seremala. Kwa hiyo wengi wakifika ngazi ya juu wanachagua moja na kuacha nyingine. Wazee wetu walisema mshika mbili moja humponyoka.

Sasa, wale wanaozunguka kutafuta vijana wanapima nini? Kule Marekani wanatumia mizani ya alama kutoka 20 hadi 80. Alama 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kubwa, si mtoto wa kawaida wa mtaani. Kwa mpigaji wanaangalia mambo matano: anagonga mpira mara nyingi? Anao nguvu ya kuupeleka mbali? Anakimbia vipi? Anadaka vipi? Mkono wake unarusha vipi? Kwa mrushaji wanaangalia mwendo wa mpira, kama unapinda, kama anaupeleka pale anapotaka, na kama mwili wake unarudia mwendo uleule kila mara bila kujiumiza.

Hapo, mama, utaona kwamba sentensi mbili za mwalimu wako, "anarusha kwa nguvu" na "anapiga mbali", ni sehemu ndogo ya hesabu. Mtoto wa miaka 12 anayerusha kwa nguvu huenda amewahi tu kukua. Sisi wamama tunajua hayo. Darasani kuna kijana ana ndevu na mwenzake wa umri uleule bado ni kama mtoto wa darasa la tatu. Yule aliyewahi kukua anawashinda wenzake kwa mwaka mmoja au miwili, kisha wanamfikia, na wengine wanampita. Nguvu inakuja na umri. Ambacho wapimaji wanakitafuta kwa mtoto ni vitu visivyotoka kwenye urefu: je, anaacha mpira mbaya upite, au anapiga kila kitu kinachokuja? Akikosea leo, kesho anabadilisha? Anarusha kwa mwili wote au anavuta kwa mkono peke yake? Akishindwa anafanya nini?

Swali hilo la kushindwa lina uzito katika mchezo huu. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa kuwa mzuri, na huyo anashindwa mara saba. Mtoto aliyezoea kushangiliwa tu, akifika mahali wenzake wote ni wakubwa kama yeye, anaweza kuvunjika moyo siku ya kwanza.

Najua jina ambalo mwalimu huyo wa mchezo atakuwa amelitaja, maana siku hizi kila anayeona mtoto anarusha na kupiga analitaja: Shohei Ohtani wa Japani. Tumwangalie basi, lakini tumwangalie wote, si mwisho wake tu.

Ohtani alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka 1994, katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, mbali na miji mikubwa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari na aliwahi kucheza besiboli katika timu ya kampuni. Mama yake alicheza badminton. Baba alimfundisha akiwa mdogo, na walikuwa na daftari wakiandikiana. Mafundisho ya baba yalikuwa matatu: paza sauti uwanjani, rushianeni mpira kwa bidii, kimbia kwa nguvu zako zote. Ukiyaangalia, hakuna hata moja linalohitaji kipaji. Ni mambo ambayo mtoto yeyote anaweza kuyatimiza akiamua.

Alipoingia shule ya sekondari ya Hanamaki Higashi, mwalimu wake Hiroshi Sasaki alijua amepata kijana mwenye mkono wa pekee. Lakini hakumkimbiza kurusha. Alijua mifupa yake bado inakua, akamwanzisha mahali pengine uwanjani. Mwaka 2011 kijana aliumia karibu na nyonga, kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Akapunguziwa kurusha, akaendelea kupiga, na kupiga kwake kukazidi kuonekana. Mwaka uliofuata, mwezi wa 7 mwaka 2012, alirusha mpira kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Alikuwa na miaka 18, na hakuna mwanafunzi wa sekondari Japani aliyewahi kufika hapo.

Shuleni hapo mwalimu aliwafanya wanafunzi waandike malengo yao kwenye karatasi yenye vyumba vingi, lengo kuu katikati na mambo manane ya kulifikia pembeni. Ohtani aliandika mwili, mwendo wa mpira, na mengine ya mchezo. Lakini katika manane hayo aliandika pia utu, na bahati. Na ili kupata bahati aliandika kuokota takataka, kusalimia watu, kusafisha chumba, kutunza vifaa na kumheshimu mwamuzi. Wamama, hayo ndiyo tunayowaambia watoto wetu kila asubuhi, nao wanakunja uso. Kijana yule aliyahesabu kuwa sehemu ya mazoezi.

Alipomaliza shule alitaka kwenda Marekani moja kwa moja. Timu moja ya Japani, Hokkaido Nippon-Ham Fighters, ikamchagua hata hivyo mwezi wa 10 mwaka 2012. Haikuja na ahadi za mdomo. Ilimletea maandishi ya kurasa nyingi, ikamwonyesha kwamba vijana wanaoondoka mapema mara nyingi hawafiki mbali, na kwamba kukomaa nyumbani kwanza kuna faida. Pia ikamwambia jambo ambalo wengine hawakumwambia: kwetu utarusha na utapiga. Wataalamu wengi walipinga. Walisema ataharibu vyote viwili.

Na mwaka wa kwanza, 2013, ungedhani wamesema kweli. Alipiga wastani wa .238, maana yake hakufikisha hata mara tatu katika kumi, na mipira iliyovuka uzio ilikuwa mitatu tu. Kama timu ingemhukumu kwa mwaka ule, hadithi ingeishia pale. Mwalimu wa timu, Hideki Kuriyama, alimpangia kazi kwa uangalifu: kurusha karibu mara moja kwa juma, kupiga siku nyingine, na kupumzika kati yake. Mwaka 2014 alishinda michezo 11 kama mrushaji na kuvusha mipira 10 kama mpigaji. Mwaka 2016 timu yake ikachukua ubingwa wa Japani. Alipofika Marekani mwaka 2018 alikuwa mtu mzima wa miaka 23.

Hata huko hakupona bila makovu. Mwezi wa 10 mwaka 2018 alipasuliwa kiwiko. Mwaka 2019 hakurusha hata mchezo mmoja, alipiga tu. Mwaka 2021 alivusha mipira 46 na kushinda michezo 9 ya kurusha, akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote. Mwezi wa 9 mwaka 2023 akapasuliwa kiwiko mara ya pili. Mwaka 2024 hakurusha tena, lakini gongo lake lilivusha mipira 54, na timu yake mpya, Los Angeles Dodgers, ikawa bingwa. Hapo tunaona faida ya kazi ya pili: mkono ulipolala, jicho lilimlisha. Tunaona pia gharama: mwili ulioandaliwa na kulindwa namna ile bado ulipasuliwa kiwiko mara mbili.

Kabla yake ilibidi kurudi nyuma miaka mia moja kumpata mwingine wa namna hiyo. Babe Ruth wa Boston, mwaka 1918, alishinda michezo 13 kama mrushaji na kuvusha mipira 11. Lakini kuanzia mwaka 1920, alipohamia New York, karibu aliacha kabisa kurusha. Alichagua kupiga, na kwa kupiga ndiko anakumbukwa. Kwa hiyo mkisikia "kama Ohtani", jueni wanamtaja mmoja katika karne.

Niwape kisa kingine, na hiki nataka kila mama akisome taratibu. Mkoa uleule wa Iwate ulimtoa kijana mwingine, Roki Sasaki. Mwaka 2011, akiwa na miaka 9, tsunami ilimchukua baba yake pamoja na babu na bibi yake. Mama akabaki na watoto wavulana watatu. Roki aliingia shule ya serikali ya Ofunato, na mwaka 2019 alikuwa amekwisha kurusha mpira kwa kilomita 163 kwa saa.

Mwezi wa 7 mwaka huo shule yake ilifika fainali ya mkoa. Ikishinda, inakwenda Koshien, mashindano makubwa ya shule ambayo Japani nzima inayatazama. Shule ya Ofunato ilikuwa haijafika huko kwa miaka 35. Ndani ya siku chache Roki alikuwa amerusha mipira 194 katika mchezo mmoja, na siku moja kabla ya fainali, mipira mingine 129. Siku ya fainali mwalimu wake, Yohei Kokubo, alimkalisha kwenye benchi. Hakurusha, hakupiga. Timu ikafungwa 12 kwa 2, na waliowafunga ni Hanamaki Higashi, shule ya zamani ya Ohtani. Watu wakakasirika sana. Simu za malalamiko zikajaa shuleni. Mwalimu alisema alitaka kumkinga kijana asiumie.

Tarehe 10 mwezi wa 4 mwaka 2022, Roki Sasaki, akiwa na miaka 20, alirusha mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza, na aliwatoa wapigaji 19 yeye mwenyewe. Sisemi benchi lile ndilo lililoleta siku hii, hakuna awezaye kulithibitisha. Ninasema mtu mzima mmoja alikubali kutukanwa na mkoa mzima kwa ajili ya mkono wa mtoto asiyekuwa wake. Baadaye Japani iliweka sheria katika mashindano ya sekondari, kuanzia mwaka 2020: mrushaji mmoja asizidi mipira 500 katika juma.

Ndipo nirudi kwenye kiwiko cha mtoto wetu. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo, na hapo ndipo unapokua. Kila mrusho unavuta sehemu ile. Ukirusha mara nyingi bila kupumzika, inaumia, na dalili ya kwanza ni maumivu. Mtoto anayeficha maumivu anaweza kubaki na kiwiko kibaya maisha yake yote, hata cha kubebea ndoo ya maji. Kule Marekani ligi kubwa na shirikisho la besiboli walitoa mwongozo kwa wazazi. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 unasema hivi:

Asirushe mipira zaidi ya 85 kwa siku.
Akirusha 66 au zaidi, apumzike siku 4. Akirusha 51 hadi 65, siku 3. Kutoka 36 hadi 50, siku 2. Kutoka 21 hadi 35, siku 1.
Apumzike kabisa kurusha kwa muda usiopungua miezi 4 kila mwaka.
Asijaribu mipira ya kupinda katika umri huo.
Akiwa mrushaji katika mchezo, asiwe tena mdakaji wa nyuma ya mpigaji katika mchezo uleule.

Linganisha na barua: klabu inataka mwaka mzima, mwongozo unataka miezi 4 ya kupumzika. Mdogo wako aulize swali moja tu kabla ya kulipa dola ya kwanza: "Nani anahesabu mipira anayorusha mtoto wangu, na daftari liko wapi?" Kama hakuna daftari, hakuna ulinzi, hata kama wanavaa nguo nzuri.

Kuhusu franga, nitasema wazi, hata kama mdogo wako hatafurahi. Ligi kubwa ina timu 30. Kila mwaka zinachagua vijana kama 600 kutoka shule na vyuo vya nchi nzima, na hata katika hao walio wengi hawafiki ligi kubwa. Kipaji cha mtoto wa miaka 12 si mshahara. Si haki watoto wawili wa huku wakose kusoma kwa ajili ya mshahara ambao bado haupo, na si haki mtoto wa kule abebe mgongoni madeni ya ukoo mzima. Mtoto akijua kwamba wajomba na shangazi wanangoja mkono wake uwalishe, atasema lini kwamba unamuuma? Ndiyo maana alikuambia wewe kwa siri.

Kwa hiyo, mama, fanya hivi. Siri ya mtoto usiifiche, lakini usimsaliti. Mwambie kwanza: "Nitamwambia mama yako kwa sababu ninakupenda, na nitamwomba asikukasirikie." Kisha zungumza na mdogo wako wewe mwenyewe, si kupitia kwa ndugu wengine. Anza na kiwiko, franga zije mwisho, asije akadhani unamwonea wivu mtoto wake. Munganga akimpumzisha kurusha, amuulize kama anaweza kucheza sehemu nyingine. Timu ya shule au ya mtaa inagharimu kidogo kuliko klabu ya kusafiri, na huko anaweza kuendelea kujifunza yote mawili. Miaka 12 si umri wa kuchagua kati ya kurusha na kupiga. Acheni akue, ashike zote mbili kwa utulivu, na hata kabumbu wakati wa mapumziko. Akifika miaka 16 au 17 akiwa mzima, wapimaji watamwona tu.

Na ninyi mlio na vijana wa kabumbu hapa nyumbani, mfano huu ni wenu pia. Akija mtu akisema mtoto wako atacheza Ulaya, mwombe maandishi kama yale waliyopewa wazazi wa Ohtani, yasomwe na mtu anayejua. Sheria za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Mtu anayeomba franga zenu kwanza, na pasipoti ya mtoto, mrudisheni mlangoni.

Ya kuzungumza kwenye kikundi juma hili:

1. Kuna mtoto kwetu ambaye tunamhesabu kama mshahara ujao? Yeye mwenyewe anajua?
2. Mtoto wetu akiumia kazini, shambani au mchezoni, anaogopa kumwambia nani, na kwa nini?
3. Katika mambo aliyoandika Ohtani ili kupata bahati, ni yapi mtoto anaweza kuanza kesho asubuhi?

Mama wa barua, ukishaongea na mdogo wako tuandikie munganga amesema nini. Tunangoja habari za kiwiko hicho. Kwaherini, tukutane juma lijalo.